Namna ya Kulihoji Ziwa Lililokufa

Ziwa likifa halitangaziwi msiba. Hujizika lenyewe, tope juu ya tope, na huenda na siri zake zote: maji yalikuwa matamu au ya chumvi, kina kilifika wapi, mvua ilikuwa ikinyesha au imegoma, samaki walinenepa au walibanana kwenye chemchemi za pembeni. Miaka milioni mbili baadaye unafika wewe na nyundo, kichupa cha tindikali na mifuko ya sampuli, unataka majibu. Majibu yapo. Tope limegeuka mwamba, na mwamba umeyatunza katika kemia yake. Ila marehemu huyu ana tabia yake: akiulizwa vibaya na mtu mwenye haraka, humpa jibu la uongo lenye desimali tatu.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi anayeanza, na wa mwalimu atakayesahihisha kazi yake. Mfano wetu utakuwa ziwa la kale la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, lililotulia kwenye bonde kati ya volkano za Ngorongoro na nyanda za Serengeti. Limehojiwa kwa muda mrefu na watu makini, na ukingoni mwake waliishi jamaa zetu wa kale. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliliona pale fuvu la Zinjanthropus, katika tabaka lenye umri wa miaka takribani milioni 1.84. Mtu anayetaka kujua viumbe wale walikunywa nini na walikimbilia wapi kiangazi, hana budi kujua kwanza ziwa lilikuwa na maji ya namna gani.

Kwanza, kawaone ndugu walio hai

Usianze na marehemu. Anza na ndugu zake, na bahati nzuri hawako mbali: Ziwa Natron upande wa Tanzania na Ziwa Magadi upande wa Kenya, yote mawili sakafuni mwa Bonde la Ufa, yote mawili bila mto unaotoka. Maji huingia kwa mito na chemchemi za moto, na njia ya kutokea ni moja tu, kupanda angani. Fika asubuhi mapema. Jua likishapanda, mwanga unaodunda kutoka kwenye ule weupe utayafunga macho yako kabla hujaandika mstari mmoja.

Simama pale ujiulize kwa nini chumvi ya Magadi haifanani na ya baharini. Sababu iko kwenye miamba ya jirani. Maji yanayopita kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa hubeba sodiamu nyingi na bikaboneti nyingi, kalsiamu kidogo. Jua likianza kuyavukiza, chumvi ya kwanza kutuama ni kalsaiti, ambayo huchukua kalsiamu na kaboneti kwa kiasi sawa. Aliyekuja na kidogo huishiwa kwanza. Mwaka 1970 Lawrence Hardie na Hans Eugster walionyesha kwamba hatima yote ya maji huamuliwa kwenye njia panda hiyo: kalsiamu ikiisha mapema, bikaboneti iliyobaki huyapeleka maji kwenye magadi, kaboneti ikiisha mapema, kalsiamu iliyobaki huyapeleka kwenye jasi na chumvi nyingine. Ni sufuria la mchuzi lililosahauliwa jikoni: kitakachoganda chini kiliamuliwa na ulichotia mwanzoni, muda mrefu kabla ya kuungua. Kwa hiyo ukikuta madini ya sodiamu na kaboneti ndani ya mwamba, umeshajua mambo mawili kwa mpigo. Bonde lile lilifungwa, na miamba iliyolizunguka ilitoa sodiamu na bikaboneti kuliko kalsiamu.

Usiondoke Magadi bila kuangalia gumegume. Katika maji makali kama yale, pH ikipita 9, silika huyeyuka kwa wingi usiouona katika mto wa kawaida. Mwaka 1967 Eugster alitangaza madini mawili mapya aliyoyakuta pale, akayaita magadiaiti na kenyaiti, yote ya silika yenye sodiamu na maji ndani yake. Alieleza kwamba madini hayo yakipoteza sodiamu hugeuka gumegume gumu, lenye ngozi iliyokunjamana na maumbo ya ajabu. Tangu hapo wanajiolojia wa mabara mengine wamekuwa wakikagua gumegume lao na kuuliza kama ni la aina ya Magadi. Utafiti wa karibuni umeonyesha kwamba baadhi ya gumegume la Magadi lilianza kama ute wa silika, bila kupitia magadiaiti. Njia ni zaidi ya moja, lakini ziwa lililozaa ni lile lile: maji makali, yenye sodiamu, yaliyosheheni silika.

Halafu kawaone samaki. Ndiyo, Magadi kuna samaki, wale perege wadogo ambao wataalamu huwaita Alcolapia grahami, na wanaishi kwenye vidimbwi vya chemchemi za moto pembezoni mwa ziwa ambalo lingewaua samaki wengi kwa dakika. Waangalie vizuri, kwa sababu kuna siku utakuta mfupa wa samaki kwenye tabaka la kale na moyo wako utakuambia: maji matamu! Mfupa mmoja unathibitisha kwamba samaki mmoja alikuwepo. Hausemi kwamba ziwa zima lilikuwa la kunywa.

Nyundo kabla ya mashine

Sasa twende kwa marehemu. Tanzania, kibali cha utafiti hupitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na Olduvai ni urithi wa dunia nzima ulio ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Hakuna jiwe la kuokota kwa kupenda kwako. Wenyeji wanajua ni korongo gani hujaa maji ghafla mvua ikinyesha milimani. Waulize, na uwasikilize.

Chimba. Uso wa mwamba uliopigwa na jua na mvua za leo una kemia ya leo: chokaa iliyopanda na maji ya udongo, chumvi iliyoletwa na vumbi, kutu ya juzi. Chimba mpaka ufike kwenye mwamba ambao haujawahi kuonana na hewa, ndipo uchukue sampuli. Andika ilitoka wapi, juu ya nini, chini ya nini. Sampuli isiyo na anwani ni kokoto.

Kabla ya kusaga chochote, tazama kwa macho. Je, kuna nyufa za tope lililokauka? Kuna mashimo yenye umbo la fuwele ambazo zilikuwepo kisha zikayeyuka? Umbo lililobaki linaweza kukuambia lilikuwa la magadi au la gailusaiti hata kama madini yenyewe hayapo tena, na ushahidi huo unafutika kabisa pale unapotia jiwe kwenye kinu. Nimewaona watu wakisaga kila kitu kwa bidii kubwa, wakapata jedwali zuri la namba, na hakuna hata mmoja aliyeweza kusema kama kalsiamu ile ilikuwa ya konokono, ya ziwa, au ya maji ya ardhini yaliyopenya miaka elfu kumi iliyopita. Kipande chembamba chini ya darubini kingewajibu asubuhi moja. Kwa hiyo mpangilio ni huu, na usiubadilishe: macho, darubini, eksirei za kutambua madini, halafu ndipo mashine za kupima elementi na isotopu.

Jambo moja la usalama. Miongoni mwa zeolaiti utakazokutana nazo katika mabonde ya namna hii kuna erionaiti, yenye nyuzi nyembamba sana zinazosababisha saratani ya utando wa mapafu. Vijiji vya Kapadokia nchini Uturuki viliteseka kwa sababu ya mwamba wa aina hiyo. Vaa barakoa inayofaa, lowesha jiwe unapolikata, na usimwache msaidizi wako afagie vumbi lile kwa mikono mitupu ati kwa sababu yeye amezoea.

Majivu, shahidi bora kuliko wote

Hapa ndipo ninapokuomba utulie, kwa sababu ndipo penye raha yote.

Volkano ikilipuka kando ya ziwa, majivu yake huanguka ziwani, ufukoni na nchi kavu kwa wakati mmoja. Kila mahali ni majivu yale yale, kioo kile kile cha volkano, siku ile ile. Baada ya hapo kila sehemu inabaki na maji yake. Yaliyoangukia kwenye maji matamu hubaki kioo kwa muda mrefu au huwa udongo wa mfinyanzi. Yaliyoangukia kwenye maji makali ya magadi huyeyushwa na kuumbwa upya. Maabara gani ingekupangia jaribio zuri namna hiyo? Mwanzo ni mmoja, na tofauti yote ya mwishoni inatokana na maji.

Richard Sheppard na Arthur Gude walilionyesha hilo mwaka 1968 katika mashapo ya ziwa la kale la Tecopa, California. Walifuata matabaka ya majivu kutoka ukingoni kwenda katikati, wakakuta mikanda iliyopangana: pembeni kioo kisichobadilika, kisha zeolaiti, na katikati kabisa feldispa ya potasiamu iliyoota ndani ya tope lenyewe. Kadiri maji yalivyokuwa makali ndivyo kioo kilivyosafiri mbali zaidi katika mabadiliko yake. Zile zeolaiti za katikati ya njia zina majina ya kuchosha ulimi, filipsaiti, chabasaiti, klinoptilolaiti, na mbele yao analsimu, lakini jifunze kuzitambua kwa eksirei, maana kila moja ina la kusema kuhusu chumvi ya maji.

Richard Hay alilipeleka wazo hilo Olduvai, na kitabu chake cha 1976 juu ya jiolojia ya korongo hilo bado kinafaa kubebwa mgongoni. Kutokana na zeolaiti, feldispa iliyoota ziwani, udongo wenye magnesiamu nyingi, fuwele za kalsaiti ndani ya tope na gumegume la aina ya Magadi, alihitimisha kwamba lile lilikuwa ziwa la chumvi na magadi, lisilo na mto wa kutoka, lililopanda na kushuka mara nyingi huku ukingo wake ukihama kwenye tambarare. Baadaye Lindsay McHenry alichukua tabaka moja la majivu, Tufu IF lililo kileleni mwa Tabaka la Kwanza la korongo hilo, akalifuata kutoka nchi kavu mpaka ziwani na kuonyesha mwaka 2009 elementi zipi hukimbia na zipi hubaki majivu yanapogeuka. Kazi hiyo ina faida nyingine. Ukitaka kulitambua tabaka lile lile la majivu mahali pengine korongoni, usiegemee sodiamu wala silika ya mwamba mzima, kwa sababu ziwa limeshazichezea. Tafuta fuwele zilizotoka na volkano zikiwa zimeshaumbika.

Ushauri huo huo unakuhusu unapotafuta umri. Mwaka 1961 Louis Leakey, Jack Evernden na Garniss Curtis walitangaza, kwa njia ya potasiamu na agoni, kwamba Tabaka la Kwanza lina miaka milioni 1.75. Dunia ilishtuka, maana wengi hawakufikiria jamaa zetu walikuwa wazee kiasi hicho, na vipimo vya baadaye havikwenda mbali na pale. Lakini potasiamu iko pia katika feldispa iliyoota ziwani baada ya majivu kutua. Ukiipima hiyo, umepima lini feldispa iliota, wakati ulitaka kujua lini volkano ililipuka.

Udongo unaokula magnesiamu

Baada ya majivu, udongo wa mfinyanzi. Udongo unaoletwa na mto kutoka mlimani una alumini nyingi. Ukikaa katika maji ya chumvi yenye silika na magnesiamu, hubadilika polepole: magnesiamu huingia, na madini mapya ya udongo huota yakiwa na alumini kidogo. Daniel Deocampo na wenzake walilifuatilia hilo Olduvai katika kazi yao ya 2009 wakichambua chembe ndogo kabisa za udongo, na Victoria Hover na Gail Ashley wakaongeza ushahidi wa hadubini ya elektroni mwaka 2003. Picha ya jumla ni kwamba udongo wa katikati ya ziwa una magnesiamu nyingi, wa ukingoni una alumini nyingi, na ukipanda tabaka kwa tabaka mahali pamoja unaweza kuona ziwa likikaza chumvi yake au likiilegeza.

Zingatia neno chembe. Ukipima mwamba mzima, umechanganya udongo uliokuja na mto, udongo uliozaliwa ziwani, dolomaiti yenye magnesiamu yake yenyewe na majivu. Tenganisha kwanza. Ni kazi ya kuchosha: ndoo za maji, kuchanganya, kusubiri chembe nzito zitue, mashine ya kuzungusha. Hakuna njia ya mkato ninayoweza kukupa kwa dhamiri safi.

Fomula za kuazima

Sasa tufike kwenye ugonjwa wa fani yetu. Mtu anapata jedwali la elementi, anafungua makala, anakuta uwiano wenye mpaka uliokwisha kuandikwa, anagawanya namba ya kwanza kwa ya pili, na ziwa lake limepata hukumu kabla ya chai ya saa nne.

Chukua faharasa ya kuchakaa kwa miamba iliyopendekezwa na Wayne Nesbitt na Grant Young mwaka 1982. Ni chombo kizuri sana. Inaangalia alumini dhidi ya kalsiamu, sodiamu na potasiamu: feldispa ambayo haijachakaa inatoa takribani 50, na kaolini iliyooshwa kila kitu inakaribia 100. Mvua nyingi na joto hupandisha namba. Wenyewe waliibuni kwa miamba ya udongo ya zamani sana huko Kanada, na walitahadharisha kwamba kalsiamu ihesabiwe ile ya silikati peke yake. Sasa itumie Olduvai bila kufikiri. Sodiamu ya mwambani imetoka kwenye maji ya ziwa, imo ndani ya zeolaiti. Potasiamu imo ndani ya feldispa iliyoota kwenye tope. Kalsiamu ni ya kalsaiti. Namba itashuka, nawe utaandika kwamba milima ya Ngorongoro ilikuwa kame na miamba yake haikuchakaa, kumbe ulichopima ni chumvi ya ziwa. Faharasa haina kosa. Iliulizwa habari za mlimani na mtu aliyesimama ziwani.

Uwiano wa strontiamu na bariamu nao huazimwa sana kutofautisha maji ya bahari na maji matamu. Unaweza kusaidia ukipimwa kwenye udongo uliosafishwa chokaa. Ukiacha chokaa humo, aragonaiti huja na strontiamu yake na kukuletea bahari mahali ambapo bahari haijawahi kufika. Uwiano wa kaboni na salfa, waliousimika Robert Berner na Robert Raiswell mwaka 1984, unategemea kwamba maji matamu yana salfeti chache. Ziwa la chumvi lenye salfeti nyingi linaweza kufanana na bahari bila kuwa nayo. Na mipaka ya vanadi, nikeli na urani ya kupima kama chini ya maji kulikuwa na oksijeni, mingi ilirekebishwa kwa matope ya baharini. Urani hupenda kaboneti na hubaki imeyeyuka katika maji ya magadi hata pale ambapo baharini ingekuwa imeshatuama. Mipaka ile haina amri hapa.

Sisemi uzitupe fomula hizi. Zitumie ndani ya tabaka lako mwenyewe, kuona nini kinapanda na nini kinashuka, baada ya kujua kila elementi imekaa kwenye madini gani. Ukishindwa kusema elementi imekaa kwenye madini gani, acha kugawanya.

Isotopu, kwa heshima zake

Oksijeni ya maji ina isotopu nyepesi, 16, na nzito, 18. Jua linapovukiza ziwa, nyepesi huondoka upesi zaidi na maji yanayobaki huelemea kwenye nzito. Kaboni ina safari yake: dioksidi ya kaboni iliyo nyepesi hutoroka hewani, mwani huichukua nyepesi kujenga mwili wake, na kadiri maji yanavyokaa ziwani muda mrefu ndivyo kaboni iliyobaki inavyokuwa nzito. Katika ziwa lililofungwa, oksijeni na kaboni hupanda na kushuka pamoja. Michael Talbot alipokusanya mifano ya maziwa mengi mwaka 1990, Turkana na Natron na Magadi yakiwemo, alionyesha kwamba uhusiano wenye nguvu kati ya hizo mbili, kizidio cha 0.7 au zaidi, ni dalili ya bonde lililofungwa. Ziwa lenye mto wa kutoka halionyeshi mstari huo, au huuonyesha kwa udhaifu.

Nimeandika dalili kwa makusudi. Chokaa mbili za asili tofauti zikichanganywa kwenye kinu kimoja hutoa mstari mzuri sana. Chokaa iliyobadilishwa na maji ya ardhini hutoa mstari pia. Unaona kwa nini nilisisitiza darubini? Chagua matope ya chokaa yaliyotuama ziwani, tenga maganda ya konokono na ostrakodi uyapime peke yake, na usiingize vinundu vya chokaa vilivyoota kwenye udongo wakati ziwa limerudi nyuma.

Gumegume nalo lina oksijeni. James O'Neil na Hay walipima gumegume la maziwa ya chumvi ya Afrika Mashariki mwaka 1973 na kukuta tofauti kubwa, zinazoendana na maji yaliyokuwa yakibadilika kutoka mepesi hadi yaliyovukizwa sana. Napenda kipimo hiki kuliko vyote kwa sababu ya kinachokifuata. Katika sehemu ya chini ya Tabaka la Pili, mahali panapoitwa MNK, gumegume hilo liliokotwa na kuchongwa zana. Daniel Stiles, Hay na O'Neil walipaeleza mwaka 1974 kama kiwanda. Ziwa lilipokuwa juu, mabonge yale yalilala chini ya maji na tope. Liliporudi nyuma, yalibaki wazi, na mikono ikayafuata. Jiwe lile lile ulilotumia kujua chumvi ya maji ni malighafi ya fundi wa kale, na alilipata pale tu ziwa lilipokubali kushuka.

Kisha kuna nta ya majani. Nyasi za joto na miti hutumia njia tofauti za kutengeneza chakula, na tofauti hiyo hubaki kwenye kaboni ya nta inayooshwa mpaka ziwani. Clayton Magill, Ashley na Katherine Freeman walisoma nta iliyohifadhiwa katika mashapo ya Olduvai na kuonyesha mwaka 2013 kwamba mandhari yalikuwa yakigeuka mara kwa mara kati ya nyasi wazi na miti, kwa mwendo unaofuata kuyumba kwa mhimili wa dunia wa takribani miaka elfu ishirini. Hidrojeni ya nta hiyo hiyo ikawapa habari za mvua. Kumbuka kwamba nta hufa kwa joto. Mashapo yaliyozikwa kina kirefu na kupikwa hayana tena ushahidi huu, na kuulazimisha ni kupoteza fedha za maabara.

Madini yanaweza kusema hata habari za hewa. Magadi na Natron hutuamisha trona, yaani magadi yenyewe, chini ya hewa ya leo. Nakolaiti, bikaboneti tupu ya sodiamu, huhitaji dioksidi ya kaboni nyingi zaidi. Katika mashapo ya Green River huko Colorado, ya enzi ya Eosini, imejaa. Tim Lowenstein na Robert Demicco walikokotoa mwaka 2006 kwamba hewa ilihitaji zaidi ya sehemu 1,125 kwa milioni. Majaribio mapya yaliyotolewa mwaka 2015 yakashusha kiwango cha chini kabisa hadi 680. Namba ilibadilika kwa sababu mtu alirudi maabara kupima upya halijoto na mipaka ya madini yenyewe, na hivyo ndivyo namba inavyopaswa kubadilika.

Kumrudishia marehemu sura yake

Sasa kusanya. Majivu yamesema maji ya katikati yalikuwa makali. Udongo umesema ukali ulipungua kuelekea ukingoni. Gumegume na chokaa vimesema bonde lilifungwa na maji yalivukizwa. Nta imesema mvua ilikuja na kuondoka. Ukiishia hapo umepata ziwa la chumvi, na bado hujajibu viumbe wale walikunywa nini.

Jibu liko nje ya ziwa. Gail Ashley na wenzake walieleza mwaka 2010 mabaki ya chokaa ya chemchemi jirani na eneo la FLK, pale palipopatikana fuvu la 1959, pamoja na ushahidi wa miti. Mvua ya nyanda za juu za Ngorongoro ilizama ardhini, ikasafiri chini kwa chini, ikatokea tambararini kabla ya kulifikia ziwa. Maji matamu na kivuli vilikuwepo hatua chache kutoka kwenye maji yasiyonyweka. Mtu aliyepima tope la katikati peke yake angeandika kwamba hapakuwa na maisha ya kuvutia pale. Aliyepima chemchemi peke yake angeandika kuhusu bustani. Mahali pa kweli palikuwa na vyote viwili, na ni kwa sababu hiyo sampuli zako lazima zitoke ukingoni, katikati na nchi kavu ya wakati ule ule, zikiunganishwa na tabaka moja la majivu.

Unapoandika ripoti, taja kila hitimisho limebebwa na madini gani na yalizaliwa lini: ziwani, punde baada ya kuzikwa, au juzi. Chora ramani ya ukingo kwa kila tabaka la majivu, siyo ramani moja ya ziwa kwa muda wote. Toa kiwango cha chini na cha juu cha chumvi, na uache uwazi pale ambapo ushahidi wako unaruhusu yote mawili. Halafu hifadhi nusu ya kila sampuli bila kuisaga, katika makumbusho au chuo kilicho karibu na korongo, ikiwa na namba, mahali ilipotoka na picha ya ukuta ilipochimbwa. Mnamo 2014 mradi wa kuchoronga Olduvai ulitoa nguzo za mashapo kutoka chini ya korongo, matabaka ambayo Hay hakuwahi kuyaona kwa sababu hayajafunuliwa na mmomonyoko. Wanaozisoma leo wanalinganisha kila sentimita na alichoandika yeye, na wanaweza kufanya hivyo kwa sababu aliandika kila jiwe limetoka wapi.